Daftari la msiba halikuwa na jina langu: ujirani hujengwa na nini hasa?

Makande_ya_Jana (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Mwezi wa tatu nilipata msiba. Mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, alifia kwangu huku pembezoni mwa Dar, ninakoishi tangu 2017. Nikakodi turubai na viti mia, nikatandika majamvi, nikakaa kusubiri watu. Mpaka saa nne usiku, ukiwatoa ndugu wa damu na wenzangu wawili wa kazini, wanaume wa mtaani waliofika walikuwa wanne. Viti mia, watu wanne!

Aliyenifumbua macho ni muuza duka wa pale kona. Alikuja na chupa ya chai, akakaa karibu yangu, akasema taratibu: "Kaka, pole sana. Ila hapa mtaani kuna daftari. Ukitokea msiba kila nyumba inatoa elfu tano na mtu mmoja wa kukesha. Jina lako halimo."

Niliwaka. Nikajisemea hawa watu hawana utu. Sasa hasira zimepoa na nimeanza kujiuliza swali lililonileta hapa. Kwetu Upare sijawahi kukosa kuchangia. Nimo kwenye makundi matatu ya WhatsApp ya kijijini, kila wiki simu inalia kuna mgonjwa, kuna harusi, kuna paa la darasa limeezuliwa na upepo. Natuma. Yaani mtaji wangu wote wa kijamii, kama wasomi wanavyouita kule kuaminiana na kusaidiana na watu, upo zaidi ya kilomita 400 kutoka kitanda ninacholalia. Hapa ninapolala sina hata senti.

Kwa nini kule naaminika na hapa sijulikani? Tabia yangu ni ileile.

Nadhani jibu lipo kwenye ndiva. Kwa wasiojua: kwetu milimani kuna mabwawa madogo ya udongo na mawe, ya tangu enzi za mababu. Maji ya kijito yanaingia usiku kucha, asubuhi bwawa linafunguliwa na maji yanashuka mferejini kwa zamu, shamba kwa shamba. Kijito chenyewe ni chembamba, ukimwagilia moja kwa moja maji yanaishia njiani. Kwa hiyo lazima yakusanywe, lazima yagawanywe, na lazima mfereji upite kwenye shamba la mtu unayemchukia. Hakuna njia nyingine.

Tope likijaa unaitwa msaragambo. Mbiu ikilia jioni, asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe au chepe. Mjane mzee anaachwa, au analeta sufuria la makande. Kijana mwenye nguvu akikosa bila sababu anatozwa faini, na akigoma kulipa, zamu yake ya maji inarukwa. Nakumbuka marehemu baba aliwahi kusimama mferejini kutwa nzima bega kwa bega na mwanaume waliyekuwa na kesi ya mpaka naye. Hawakusalimiana, lakini walipokezana chepe.

Ndiyo maana sikubali ile hadithi kwamba watu wa kijijini wana roho nzuri na sisi wa mjini tumeharibika. Watu wa kijijini wana mfereji. Mimi hapa nina kisima changu, geti langu, tanki langu la lita 5,000, na bodaboda wangu wa kunitumia. Jirani nimhitaji kwa lipi?

Naomba mawazo. Na mnaotaka kutukana Wapare, najua mpo njiani.

Mangi_wa_Mfongoni

Mtani, pole kwa msiba. Nimesoma mpaka mwisho nikiwa na wasiwasi utatuambia umewafungulia kesi wale wasiokuja. Maana Mpare huuza ng'ombe agharamie kesi ya kuku.

Tukija kwenye hoja. Ndiva yako na mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia wa Wachaga, ni ndugu. Kilimanjaro mifongo ilichimbwa na koo, ikalindwa na koo, na kazi ya kuizibua ilikuwa ya wote. Lakini nikupinge kidogo. Kwetu mifongo mingi imekufa. Mabomba yamekuja, vijana wameondoka, kahawa imeanguka. Kwa hesabu yako ushirika nao ungekuwa umekufa. Mbona haujafa? Nenda Moshi tarehe 22 Desemba uone foleni ya magari. Mtu ana duka Kariakoo, ana mwingine Mwanza, mwingine Tunduma, wote wanapanda mlimani. Vikao vya ukoo, michango ya barabara, kipaimara, kila kitu kinafanyika ndani ya siku kumi.

Kinachowarudisha ni kihamba, shamba la ukoo, maana ndimo watakamozikwa. Mtu huwekeza pale ambapo mwili wake utalala. Jiulize mtani, huyo mama mdogo ulimzika wapi?

Makande_ya_Jana

Tulimsafirisha. Tumemzika Upare.

Umenigusa pabaya mkuu. Kumbe hata kama majirani wangekuja wote mia, kazi yenyewe ya kuzika nisingewapa. Niliwataka waje kukaa kwenye viti.

Nasubiri_Wajuzi

Naweka kiti hapa.

Binti_wa_Mtoni

Mangi amesema kitu kikubwa pengine bila kujua. Mimi ni mtoto wa Temeke, Mtoni. Sisi wa huku hatuna pa kusafirisha maiti. Mtu akifa alfajiri, saa kumi jioni yuko kaburini. Sasa nani anachimba? Nani anakwenda kutafuta sanda, nani anaosha, nani anabeba jeneza? Huna muda wa kumsubiri mjomba atoke Lindi. Ni jirani. Ndiyo sababu mtoto wa kiume wa mtaani kwetu, hata awe mhuni vipi, akisikia kuna msiba anazima sigara na kushika chepe. Anajua zamu yake ipo.

Nyinyi mliojenga huko pembezoni mnaishi Dar kama mko gesti. Kaburi bara, sherehe bara, Dar ni ya kulala.

Halafu kaka Makande, kuna kitu umenikera. Unahesabu wanaume tu. "Wanaume wa mtaani waliofika walikuwa wanne." Wanawake je? Nani alipika? Hivyo vyungu vilitoka wapi? Muulize mkeo kabla hujaendelea na huu uzi.

Makande_ya_Jana

Dada, kweli sikuwahesabu. Walikuwepo uani. Ngoja nimuulize.

Mwalimu_wa_Zamani

Nawasalimu vijana. Nilifundisha miaka 34, mikoa minne, naomba niongeze historia, maana mnaongea kana kwamba ujirani unaota wenyewe kama uyoga.

Serikali nayo imewahi kuujenga na imewahi kuubomoa. Mabalozi wa nyumba kumi waliwekwa na TANU miaka ya sitini. Balozi alimjua mgeni aliyelala kwako, alisuluhisha ugomvi wa mume na mke, aligawa sukari ilipoadimika. Yalikuwa na ubaya wake, jicho lilikuwa kila mahali. Vyama vingi vilipokuja 1992 balozi akabaki kuwa wa chama, na asiye wa chama hicho akaona hamhusu. Mtaa ukapata mwenyekiti, lakini mwenyekiti ana mamia ya nyumba, hawezi kujua nani kalala na njaa.

Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 mnaijua. Watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zikachomwa. Niliona kwa macho yangu. Kuweka watu pamoja kwa lori hakuwafanyi waaminiane. Lakini vijiji vile vilileta shule moja, kisima kimoja, zahanati moja, na Kiswahili. Kuna mtafiti Mmarekani, Edward Miguel, alichapisha mwaka 2004 ulinganisho wa Busia upande wa Kenya na Meatu kwetu. Busia, penye mchanganyiko wa makabila shule zilichangiwa kidogo kuliko penye kabila moja. Meatu hakuona upungufu huo. Yeye alisema ni sera za kujenga taifa: lugha, mitaala, siasa zisizo za kikabila. Kwa hiyo chepe la Makande linahitaji pia lugha ya kuitana mbiu ikilia.

Na ubomoaji? 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Mkulima aliyekuwa anamjua katibu wake, anayeweza kumzomea mkutanoni, siku moja akaambiwa apeleke kahawa na pamba kwa mamlaka ya zao. Sheria ya 1982 iliruhusu ushirika urudi. Jina lilirudi. Imani haikurudi kwa sheria. Mpaka leo mkulima akisikia neno AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, anashika mfuko wake.

Mwana_wa_Machakos

Hamjambo majirani. Naingilia kutoka Nairobi.

Mwalimu, hiyo Busia inauma lakini ni kweli. Sisi Wakamba tuna mwethya, kazi ya pamoja ya kuchimba matuta na mabwawa ya mchanga, na ukitembea Machakos utaona matuta hayo kila mlima. Harambee nayo imejenga shule nyingi. Kwa hivyo si kwamba Wakenya hatujui kuchanga, tunachanga sana! Shida ni tunachangia nani. Chama cha watu wa kwetu, kanisa la watu wa kwetu, basi la watu wa kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na waliokuwa wakifukuza majirani zao hawakuwa watu wasio na umoja. Walikuwa na umoja kupita kiasi, wa upande mmoja.

Kisha Westgate iliposhambuliwa Septemba 2013 serikali yetu ikawaiga nyinyi, ikatangaza Nyumba Kumi. Kwenye ploti ninayoishi kuna nyumba 48. Mkutano wa kwanza tulikuja watu saba. Wapangaji wanahama kodi ikipanda, utamjua jirani wa miezi mitano ili iweje? Mahali ilipofanya kazi ni kule watu wanamiliki nyumba. Au walipokuwa na tatizo moja la kila siku, kama maji au taka.

Mpangaji_Chumba_Na6

Hatimaye mtu kataja wapangaji. Nilikuwa nasoma kimya.

Nimepanga Dar miaka kumi na moja, mitaa mitano. Hayo madaftari mnayoyasifia mara nyingi hayatuandiki. "Wewe ni mpangaji, utaondoka." Lakini ulinzi shirikishi wakipita kudai hela ya mwezi, hapo ghafla mimi ni mkazi. Takataka, mkazi. Mkutano wa mtaa wa kugawa nafasi za kitu chochote, mpangaji.

Halafu mnaongea kama umoja ni kitu kizuri tu. Nimezaliwa Usukumani. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji, ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya themanini wezi wa ng'ombe walikoma kweli, na wazee wangu waliishangilia. Lakini ni huko huko ambako bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni huitwa mchawi, na kijiji kizima, chenye mshikamano wa ajabu, kinakaa kimya anapokatwa mapanga. Polisi wakija hakuna aliyeona. Huo nao ni mtaji wa kijamii. Upigieni hesabu.

Mwalimu_wa_Zamani

Kijana wa chumba namba sita, sina la kukujibu hapo. Uko sahihi.

Mhazini_Aliyestaafu

Nimekuwa mhazini wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, miaka sita, naona mnazunguka kitu kimoja bila kukitaja. Imani haiji kwanza. Kwanza inakuja namna ya kuzuia wizi, imani inafuata nyuma yake.

Kikoba chetu kilipoanza tulikuwa wanawake 30, nusu hatujuani. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mwenye sanduku hana hata ufunguo mmoja. Hela inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Mara mbili. Kabla ya kufungua, mtu anasimamishwa ghafla aseme wiki iliyopita zilibaki ngapi. Akikosea, faini. Mgeni akiona hivyo anadhani hatuaminiani. Ni kweli, mwanzoni hatukuaminiana. Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja alilazwa Muhimbili, tukachanga laki nne kwa nusu saa, na hakuna aliyeuliza zitarudi lini.

Kikafa vipi? Tulijiona tumekuwa wa kisasa. Tukasema sanduku la nini, hela ikae kwenye simu ya mtu mmoja, michango itumwe, mkutano mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Miezi minane baadaye mwenye simu akawa hapatikani. Sitamtaja, ana watoto. Kilichoniuma ni kwamba baada ya pale hata salamu zilikatika. Sokoni tunapishana. Hela ilipotea mara moja, lakini ile laki nne ya nusu saa haitatokea tena maishani mwetu.

Siku hizi vikundi vinatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018. Sawa. Lakini cheti cha usajili hakihesabu hela kwa sauti.

Wa_Bukoba_Vijijini

Dada mhazini ameniwahi. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, 1983. Mama yangu anasema kuna miaka walikuwa wanazika mpaka migomba haipaliliwi. Kwenye chama chao cha kuzikana wakaanza kuandika kila kitu: ndizi ngapi, maharage kiasi gani, nani alale matanga siku ngapi. Kabla ya hapo ilikuwa ni heshima tu. Misiba ilipozidi heshima ilielemewa.

Kwetu kuna kijiji, Nyakatoke, kina kaya 119, watafiti walikwenda kuuliza kila kaya inamtegemea nani ikipata shida. Kila kaya! Wakakuta msaada unapita zaidi kwa ndugu na kwa wanaokaa jirani. Nilicheka, maana bibi angewaambia bure.

Nasubiri_Wajuzi

Swali la kizembe: huu mtaji unaleta hela au ni maneno ya kanisani tu?

Mwalimu_wa_Zamani

Si la kizembe. Deepa Narayan na Lant Pritchett walichambua takwimu za vijijini Tanzania za mwaka 1995 na kuchapisha 1999. Waliuliza watu wamo kwenye vikundi gani, makanisa, misikiti, vyama vya kuzikana na kadhalika, na vikundi hivyo vikoje. Kijiji chenye vikundi vingi na hai, kaya zake zilikuwa na matumizi makubwa zaidi. Na angalieni hapa: kilichokuwa na uzito ni hali ya kijiji chote kuliko mtu mmoja kuwa kwenye vikundi. Yaani hata mvivu asiye kwenye chochote ananufaika akizungukwa na wanaoshirikiana.

Mpangaji_Chumba_Na6

Kwa hiyo Makande alikuwa mvivu mwenye tanki la lita 5,000.

Makande_ya_Jana

Nimestahili hilo.

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimemuuliza mke wangu. Hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa anachambua. Akasema: "Mimi nimo tangu 2018."

Yumo kwenye daftari la wanawake. Ni daftari jingine. Vyungu vitatu vikubwa vya msiba wetu vilitoka kwao, kuni zilitoka kwao, na walipika zamu kwa zamu siku mbili mpaka tulipoondoka na mwili. Wanawake 22, amenitajia mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao. Mimi nilikuwa mbele nahesabu viti vitupu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akanijibu kwamba aliniambia mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa naangalia mpira.

Kwa hiyo Binti wa Mtoni, nakuomba radhi hadharani.

Jumapili nilikwenda kwenye mkutano wa wanaume. Unafanyika kwenye gereji, chini ya mwembe. Nilidhani nitatoa hela niandikwe. Nikatoa laki moja mfukoni, nikasema ni ya misiba yote niliyoikosa. Mwenyekiti akaiangalia, hakuigusa. Akasema kiingilio ni elfu kumi, zilizobaki nirudishe mfukoni, na kuna mzee kafariki jana nyumba ya bati jekundu, anazikwa kesho hapahapa saa saba. Wanahitaji watu wa kuchimba. "Una chepe?"

Nikasema ninalo. Kwetu Upare kila mtu ana chepe. Ukweli ni kwamba nililinunua njiani wakati narudi.

Binti_wa_Mtoni

Umesamehewa. Ulikwenda?

Makande_ya_Jana

Nilikwenda. Mikono imevimba, naandika kwa kidole kimoja. Udongo wa Dar ni mchanga mtupu, unachota unarudi. Aliyekuwa ananipokea chepe ni yule jirani wa ukuta wa kushoto, ambaye bomba lake la maji machafu limekuwa likimwagikia kwangu tangu 2019.

Mangi_wa_Mfongoni

Mtani, usimshtaki kwanza. Subiri arobaini ipite.